Miaka Yangu ya Kutafuta Mahame

Siku mliyoniaga pale ofisini, kijana mmoja wa upimaji aliinuka na sahani yake mkononi akaniuliza, "Mzee Ambokile, kwani wewe hasa ulikuwa unafanya kazi gani?" Wengine mlimcheka, lakini niliona na ninyi mnasubiri jibu. Mdomo wangu ulikuwa na kipande kigumu cha nyama, kwa hiyo jibu hamkulipata. Ndilo hili.

Nilikuwa natafuta mahame. Hame, kwa asiyejua, ni mahali palipokuwa na nyumba za watu, wakahama, pori likapachukua tena. Kila mara mtu aliposema, "Hapa palikuwa kwetu," na mwingine akasema, "Hapa hajawahi kukaa mtu, labda nyani," ilibidi mtu wa tatu aende kutazama chini. Mtu huyo wa tatu nilikuwa mimi. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na havikuninenepesha.

Nilianza Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa nimeshuka kutoka milima ya Tukuyu na cheti cha shule ya misheni na mwandiko mzuri. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzungu mpimaji ambaye watu wote walimwita Bwana Korongo kwa sababu ya miguu yake. Ilikuwa mirefu, myembamba, na kaptura yake ilianzia mbali sana na magoti. Alinihoji akiwa amesimama.

"Wewe jua kusoma?"

"Ndiyo, Bwana."

"Jua kutembea?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wewe ogopa nyoka?"

"Hapana, Bwana," nikasema, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza serikalini.

"Vizuri. Mimi ogopa sana. Wewe takwenda mbele."

Nikaenda mbele kwa miaka minane.

Safari ya kwanza ilikuwa Chunya. Huko palikuwa na makambi ya wachimba dhahabu yaliyoachwa, na mfanyabiashara mmoja Mhindi, Bwana Kanji, alitaka ofisi imthibitishie mahali duka la kwanza la baba yake liliposimama, maana karatasi za kiwanja ziliungua moto. Mimi, kwa bidii ya siku ya kwanza, niliona shimo la mviringo lililojaa udongo mweusi laini. Nikajua nimepata ghala la chini la nafaka. Nikavua shati, nikachimba asubuhi nzima peke yangu ili sifa ziwe zangu. Bwana Kanji alipofika na mwavuli wake alisimama mbali kidogo akafunika pua kwa leso.

"Karani," akasema, "hicho kilikuwa choo cha wachimbaji. Mimi mwenyewe nilikitumia nikiwa mtoto."

Nilioga mara tatu kwa maji ya Chunya, ambayo ninyi mnajua hayapatikani kirahisi. Lakini Bwana Kanji alinionea huruma, akanikalisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisahau. "Usitafute duka. Mbao walichukua, mabati walichukua. Tafuta mahali fundi cherehani alipokaa. Baba alimpa fundi nafasi barazani, na fundi kila siku anaangusha sindano, kila siku anatukana."

Tukafunga sumaku kwenye kamba, nikaiburuta ardhini kama mtu anayetembeza mbwa. Siku ya pili mchana, chini ya vumbi jekundu, ikaanza kuota ndevu: sindano zilizoshika kutu, kumi, ishirini, kisha vifungo vya shati vilivyochekechwa kutoka kwenye udongo uleule. Hapo ndipo palikuwa baraza. Bwana Kanji aliokota sindano moja akaitazama juani. "Mzee Saidi," akasema taratibu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Alinishonea kaptura yangu ya kwanza. Moja mguu mrefu, moja mfupi." Sumaku ile niliendelea kuibeba mfukoni hata miaka ambayo haikuwa na kazi.

Baada ya Chunya tulihamishiwa Iringa, na huko nikawa mjinga upya. Kwetu Tukuyu hame halipotei. Watu wanahama, migomba inabaki, mianzi inabaki, unaiona kutoka mlima wa pili. Kwa hiyo katika nyika za Uhehe nilitafuta migomba. Siku tatu nilitembea pande za barabara ya Idodi nikitafuta mgomba mmoja, na siku ya tatu nikakaa juu ya tuta refu la udongo, nikala karanga zangu, nikaandika kwenye daftari: "Hakuna dalili yoyote ya makazi."

"Unaandika nini, Karani?" sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yangu.

"Kwamba hapa hapakukaa mtu."

"Na hapo ulipokaa ni wapi?"

"Kwenye tuta, Mama."

"Umekaa kwenye ukuta wa nyumba ya watu," akasema. "Na maganda ya karanga umeyatupa chumbani."

Huyo alikuwa Mama Semgovano, na itabidi nieleze alifikaje hapo. Bwana Korongo alikuwa na mfuko wa vigae vya vyungu alivyookota huku na huko, na siku moja aliutembeza sokoni Iringa akiwauliza wafinyanzi ni vya nani. Wanawake walidhani Mzungu anataka kununua vyungu vilivyovunjika, wakaanza kukimbilia nyumbani kumletea. Mama Semgovano peke yake ndiye aliyevichambua. "Hiki chetu. Hiki cha Wasangu. Hiki cha mtu anayejifunza. Na hiki," akasema akikirudisha, "ni cha sahani yako mwenyewe, Bwana." Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mnene wa mabega, na kikopo chake cha ugoro hakikumtoka kiunoni. Bwana Korongo alimwajiri palepale. Ofisini palitokea maneno mengi kuhusu mwanamke kwenda porini na wapimaji. Yaliisha baada ya safari ya kwanza, tulipogundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa anatusubiri sisi kwenye miinuko.

Alinifundisha kazi yangu yote, na alifundisha kwa kunicheka. Nyumba za tembe, aliniambia, zina paa la udongo. Zikianguka, paa linafunika sakafu kama blanketi, kuta zinabaki matuta. Baada ya mvua za kwanza, ndani ya matuta hayo maji yanatuama, na ukitembea unasikia mguu unabadilika sauti. Zizi la zamani linaota majani mabichi kuliko ya jirani. Mtunguja unapenda palipokaa mbuzi. Minyaa, ile ya kupanda uzio, haioti kwa mstari yenyewe. Ukiiona imejipanga, kuna mtu aliipanga.

"Lakini ukitaka kuwa na hakika," alisema, "achana na nyumba. Tafuta jaa. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu nyumba ya babu yake, ilikuwa kubwa, ilikuwa na milango mitano. Takataka za babu yake hazijui kujisifu."

Basi vyombo vyetu vikawa hivi: fimbo ya chuma yenye ncha, ambayo ukiichoma ardhini na kuizungusha inarudi na rangi ya udongo wa chini, na ukiona kijivu umepata majivu, chekecheke ya waya, mnyororo wa kupimia, dira ya Bwana Korongo ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, na ulimi wa Mama Semgovano. Ndiyo, ulimi. Kigae alikuwa anakilamba. Alisema udongo wa kila bonde una ladha yake. Nilijaribu mara moja, nikaumwa tumbo siku mbili.

Sasa nifike kwenye kesi iliyotusumbua kuliko zote, ile ya bonde la Ilolwe.

Ilolwe lilikuwa bonde dogo, mwendo wa nusu siku kutoka Idodi, lenye chemchemi isiyokauka hata mwezi wa kumi. Pande zile, anayelima karibu na chemchemi anakula mahindi mabichi wakati wenzake wanatazama mawingu. Aliyekaa pale alikuwa Mzee Nyenza, mtu mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Aliyedai bonde alikuwa Mzee Kalinga, mdogo wa umbo, mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Kalinga alisema babu yake alijenga Ilolwe, na kwamba familia ilikimbia wakati wa vita vya Mjerumani, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Nyenza alisema baba yake alikuta pori tupu. Mwaka ule mvua ziligoma, shamba la Kalinga juu kwenye udongo wa kichanga lilikauka lote, na wanawe wawili walishaanza kuzungumzia kuondoka. Hakimu wa baraza akasema, "Kalinga akionyesha hame, atapata sehemu. Asipoonyesha, asirudi tena hapa na hadithi ya mgongo wa mama."

Tulifika Ilolwe asubuhi: Bwana Korongo, Mama Semgovano na mimi, na nusu ya kijiji nyuma yetu, kwa kuwa hakukuwa na kazi mashambani. Kalinga alitupokea kwa "Kamwene!" kubwa, salamu ya pande zile, akatuongoza hadi kwenye kichaka upande wa mashariki.

"Hapa," akasema. "Kwa babu."

Nilikuwa sijawahi kuona hame zuri namna ile. Mafiga matatu yamekaa sawasawa, kama yanasubiri chungu. Kando yake vigae, vimetawanyika vizuri, kila kimoja kinaonekana. Jiwe la kusagia. Hata minyaa mitatu, mstari mmoja. Bwana Korongo alifurahi, akatoa dira. Mimi nilifungua daftari, nikaandika kichwa cha habari na kukipigia mstari.

Mama Semgovano aliinua figa moja, akatazama chini yake. Nyasi za chini zilikuwa bado zina rangi ya manjano, zimelala, hazijafa. Aliushika mnyaa akauvuta kwa vidole viwili, ukatoka na mizizi yote kama kitunguu. Kisha akaokota kigae, akakigeuza, akapitisha kidole chini ya ukingo wake, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakaa chini. Alicheka hadi ugoro ukamwagika.

"Mama, kuna nini?" nikamuuliza.

"Andika, Karani," akasema akifuta machozi. "Andika kwamba nyumba hii ni ya zamani sana. Chungu hiki nimekifinyanga mimi. Tazama, alama za kucha zangu tatu hizi hapa. Alikinunua mke wa Kalinga sokoni miaka minne iliyopita, akakirudisha akisema kinavuja, nikamwambia hakivuji, ni yeye hajui kupika."

Kijiji kizima kililipuka. Watu walishikana mabega. Mzee Nyenza, ambaye nilikuwa sijamwona hata akitabasamu, alipiga paja lake akasema, "Babu yake aliishi kweli maisha marefu, mpaka kufika sokoni juzi!" Bwana Korongo aliomba atafsiriwe, nikamtafsiria, akafunga dira yake polepole. "Mzee huyu ni mwongo," akasema. "Kesi kwisha. Kesho rudi Iringa."

Kalinga alitembea kama hatua hamsini akaenda kukaa juu ya jiwe, akatugeuzia mgongo. Watu walipochoka kucheka waliondoka mmojammoja, na mimi ningeondoka nao, maana nilikuwa na njaa na daftari langu lilikuwa limemaliza kazi. Lakini Mama Semgovano alikwenda akakaa kando yake, nami nikamfuata.

"Kwa nini umefanya hivi, kaka yangu?" akamuuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nimelitafuta miaka mitatu," akasema. "Nimezunguka bonde hili kama mbuzi aliyepoteza mwana. Najua ni hapa. Mama aliniambia ni hapa, alinitajia chemchemi, alinitajia mlima ule. Lakini sikulipata, na wanangu wanaondoka. Nikasema, kama liko, kosa gani nikiliweka palipo karibu?"

"Unakumbuka nini mwenyewe? Si alichosema mama yako. Wewe."

"Nilikuwa na miaka minne, mitano."

"Ndiyo. Nini?"

Akafumba macho. "Nimelala chini. Mama anasaga, jiwe linalia. Na maji. Nasikia maji, upande wa mkono huu." Akainua mkono wa kushoto. "Basi. Hakuna kingine. Hiyo ni hame?"

Nilikwenda kwa Bwana Korongo nikaomba siku mbili. Niwaambie ukweli, sikuwa na moyo mkubwa kiasi hicho. Niliona aibu tu kwamba nilishapiga mstari chini ya kichwa cha habari kabla ya kuinua jiwe. Bwana Korongo aliniuliza kwa nini tumtafutie mwongo. Nikamjibu kwamba mwongo naye alizaliwa mahali fulani. Akafikiri, akanipa siku moja.

Siku hiyo ilipita nusu bila kitu. Nilichoma chuma kila penye dalili, kikarudi chekundu. Tatizo lilikuwa maji. Mahali pote ambapo chemchemi ilisikika palikuwa na mawe au tope, hapajengeki nyumba. Mchana, tukiwa tumechoka, Mama Nyenza, mke wa yule yule Mzee Nyenza, alituita tunywe togwa. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye uso wa mviringo, na alitoa togwa yake bila kumtazama mumewe usoni. Mama Semgovano alikuwa ameshika kata mdomoni aliposimama ghafla.

Karibu na zizi palikuwa na jiwe kubwa, bapa, ambalo ng'ombe walikuwa wanalilamba. Katikati lilikuwa limechimbika, laini kama kiganja.

"Dada, hili jiwe mmelitoa wapi?"

"Hilo? La chumvi ya ng'ombe," Mama Nyenza akasema. "Nilipoolewa nililikuta kule juu kwenye minyaa mikubwa. Nikawaambia shemeji zangu waliviringishe huku, nikaona limekaa kama bakuli."

"We mwanamke!" Mzee Nyenza akasema kutoka mlangoni.

"Nini? Nimeulizwa," akajibu mkewe.

"Mama Nyenza," nikamwambia, "hilo ni jiwe la kusagia. Jiwe la chini. Mtu anayekimbia anachukua lile dogo la juu, hili analiacha, haliwezi kubebwa."

Alilitazama jiwe lile kama analiona mara ya kwanza. Kisha akamtazama mumewe, akaweka kata chini. "Twendeni niwaonyeshe," akasema.

Minyaa ile ilikuwa juu ya mteremko, imekuwa miti, imekunja mstari wake mpaka ukahitaji kusimama mahali pamoja tu kuuona. Nyuma yake, ndani ya nyasi za kufika kiunoni, mguu wangu ulibadilika sauti. Tuta. Na tuta la pili, kwa pembe. Nilichoma chuma upande wa chini wa mteremko, nikazungusha, nikavuta. Kijivu. Nikachoma tena hatua mbili mbele. Kijivu, na kipande cha mfupa. Mama Semgovano alichekecha akapata kigae kinene chenye mistari ya kusuka, akakilamba, akakubali kwa kichwa. "Bibi yangu alifinyanga hivi," akasema. "Mimi sijui. Ufundi huu umekwisha kufa."

"Lakini maji?" Bwana Korongo akauliza. "Yeye sema maji. Hapa hakuna maji."

Kweli. Palikuwa kimya. Chemchemi ilikuwa mbali upande wa kulia.

Ni Mama Nyenza aliyejibu. "Maji yalipita hapa," akasema. "Kabla hatujachimba mfereji wa shamba letu. Njia yao ya zamani ndiyo ile, iliyojaa nyasi."

Sasa Mzee Nyenza alikuwa amefika, anahema. Nilidhani atakataa. Alisimama akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama tuta la udongo lililokuwa ndani ya shamba lake miaka yote hiyo. Kisha akachukua jembe begani kwa mtu, akateremka peke yake hadi kwenye kichwa cha mfereji, akaufunga kwa udongo na mawe. Maji yalikaa kidogo yakijaa, yakitafuta, kisha yakamwagika katika njia yao ya zamani, yakaja yakipita chini yetu upande wa kushoto, yakigonga mawe ambayo yalikuwa makavu tangu kabla ya Vita Kuu ya pili.

Kalinga alikuwa amesimama katikati ya matuta. Alipiga magoti, halafu akalala ubavu juu ya nyasi, mzee mzima mwenye mvi, akaweka shavu chini. Hakuna aliyecheka. Alilala hivyo muda ambao sikuupima. Nikaona mdomo wake unatembea lakini sikusikia kitu, na sikumuuliza baadaye.

Aliponyanyuka, Bwana Korongo akasema, "Mimi lazima hakikisha," naye akalala palepale, na miguu yake yote, akaweka sikio ardhini. "Ndiyo," akasema. "Maji. Kushoto." Kisha akaruka juu akipiga kelele kwa lugha ya kwao, kwa sababu alikuwa amelala juu ya siafu. Kilichofuata, yaani namna mwakilishi wa serikali alivyokimbilia nyuma ya minyaa na jinsi kaptura yake ilivyorushwa nje kabla yake, sikukiandika katika ripoti. Aliniomba nisikiandike. Sasa nimestaafu.

Barazani, hakimu alisoma ripoti yetu yote, pamoja na sehemu ya mafiga na chungu cha sokoni, maana nilikuwa nimeandika yote mawili. Watu walicheka tena, Kalinga akainamisha kichwa tena. Nyenza akasimama akauliza kwa uchungu kama mwongo anapewa shamba siku hizi. Hakimu akavua miwani.

"Amedanganya kuhusu vyungu," akasema. "Kuhusu kwao hakudanganya."

Kalinga akapewa nusu ya juu ya bonde, Nyenza akabaki na nusu ya chini. Kwa ule uongo, Kalinga aliamriwa kusafisha mfereji wote wa Nyenza kwa msimu mmoja, kwa mkono wake, si kwa mkono wa wanawe. Nilisikia kwamba Nyenza alikuwa anatoka kila asubuhi na kiti chake kumtazama akifanya kazi, na kwamba mwezi wa pili alianza kubeba viti viwili.

Mwaka uliofuata Nyenza alikuja ofisini Iringa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, nami nikajua kuna kesi mpya. "Karani," akasema, "baba yangu hakutoka Ilolwe. Alihamia tu, na kwao hasa sikuwahi kuuliza. Mama alisema walitoka Usangu, pande za Madibira. Nitafutie."

Hiyo haikuwa kazi ya ofisi, hapakuwa na mgogoro wala faili. Bwana Korongo alinitazama, akasema anadhani mnyororo wa kupimia unahitaji kujaribiwa katika ardhi tambarare. Tukaenda, Nyenza, Mama Semgovano na mimi, na asubuhi ya kuondoka tukamkuta Kalinga barabarani na mzigo wake wa chakula. Alisema anakwenda njia hiyohiyo kwa shughuli zake. Shughuli hizo hakuzitaja kamwe.

Siku nne tulitafuta Madibira. Ni nchi ya majani marefu na maji yanayotambaa, mwaka huu yako huku, mwaka ujao yako kule, na yanapoondoka yanaacha udongo mweusi kama hakuna kilichowahi kutokea. Chuma kilirudi cheusi kila mahali. Tuliwauliza wachungaji wa Kisangu. Walilijua jina la ukoo, walikuwa wamesikia wazee wao wakilitaja, lakini mahali, kila mmoja alinyoosha mkono upande wake. Kalinga alijitolea kutembea ndani ya tope hadi magotini ili Nyenza asilowe. Mama Semgovano alilamba udongo wa sehemu sita na mwisho akatema, akanitazama akitikisa kichwa.

Siku ya nne mchana nilimwambia Nyenza kwamba silioni. Nilisema kwa upole nilioweza. Yeye alikubali kwa kichwa. Kisha aliingia peke yake ndani ya majani hadi yakamfika kifuani, akavua kofia, akasimama.

"Kamwene!" akaita kwa nguvu, akiangalia mashariki. Akageuka. "Kamwene!" magharibi. Akaita kaskazini, akaita kusini, kwa sababu hakujua walikaa upande gani, na kila alipoita alisubiri muda ule mtu anaosubiri kuitikiwa. Kisha akavaa kofia akarudi kwetu.

"Twendeni," akasema.

Tukaondoka. Katika daftari niliandika mstari mmoja, na Bwana Korongo aliutia sahihi bila kuuliza: "Hame halikuonekana. Mwenyewe amesalimia."